Miti Iliyopandwa Juu ya Chemchemi ya Matulo

Nilienda Matulo kwa sababu ya picha. Kampuni moja inayokarabati reli ilituita wakazi wa Kitale katika ukumbi wa kanisa, ikatuambia kwamba treni huenda ikarudi kwetu, na kwamba itakuwa reli inayojali mazingira na watu wanaoishi kando yake. Tulipiga makofi. Kisha wakatuonyesha ukutani mfano wa kuigwa: wanawake wa Matulo, kule karibu na Webuye, wamevaa fulana za kijani na wanapanda miti kwenye chemchemi yao. Aliyekuwa mbele kabisa, akicheka meno yote nje, alikuwa dada yangu mkubwa, Nasimiyu.

Jirani yangu alinisukuma kwa kiwiko. "Mama Miche, si huyo ni dadako? Ati amekuwa staa!"

Sikucheka. Naitwa Mama Miche kwa sababu nina kitalu cha miche kando ya barabara ya Kiminini, na macho yangu huliona jani kabla ya kuuona uso wa mtu. Mche aliokuwa ameushika Nasimiyu ulikuwa mkaratusi.

Hapa naomba nieleze polepole, maana si kila mtu anauza miti. Sina ugomvi na mkaratusi. Unakua haraka, unatupa kuni, mbao na nguzo za stima, na mimi mwenyewe nauuza. Lakini ni mti wenye kiu kubwa. Ukitaka kukausha sehemu ya shamba iliyojaa maji, panda mikaratusi, kisha subiri. Kuupanda juu ya chemchemi ni kumweka ng'ombe mwenye kiu alinde mtungi. Na chemchemi ile ndiyo iliyowalea watoto wa dada yangu.

Asubuhi iliyofuata niliondoka Kitale kwa lori la mahindi la Wafula, dereva ambaye hunibebea miche. Tulipita Kiminini na Kamukuywa, mahindi yakiwa bado mafupi pande zote mbili na matope mekundu yakirukia kioo. Wafula alikuwa amesikia habari za mkutano.

"Mama, hiyo treni yenu ikirudi, mimi nitakula nini? Kokoto?"

"Utatoa mahindi shambani kuyapeleka stesheni. Kwani kuna mtu atayabeba na kichwa?"

"Hiyo ni wewe unasema. Kwa mkutano walisema?"

Hawakusema. Treni moja hubeba mzigo wa malori mengi, moshi wake ukiwa mdogo kuliko wa malori hayo yote, na haiachi mashimo barabarani. Ndiyo maana naitaka. Lakini katika mkutano mzima wa reli inayojali watu, hakuna aliyewauliza madereva wa malori kitu chochote.

Huko Matulo, Nasimiyu hakunipa hata chai kwanza. Alinishika mkono, tukateremka hadi chemchemini, chini ya tuta la reli. Mkuyu mkubwa uliokuwa ukifunika maji ulikuwa kisiki. Matete yote yalikuwa yamefyekwa. Maji yaliyokuwa yakimwagika kwa kelele kutoka kwenye bomba sasa yalishuka kama uzi, na madumu mengi kuliko watu yalikuwa yamepanga foleni. Kulizunguka bomba, mistari kwa mistari, kulisimama mikaratusi iliyofika magotini, na kibao kipya cha kampuni: Mradi wa Mazingira.

"Hii imekunywa maji yote?" aliuliza.

"Hapana. Hii bado watoto. Maji yamepungua kwa sababu mkuyu na matete vilikuwa vinaishika ardhi na kuipa kivuli. Hawa watoto wakifika kimo cha nyumba, hata huo uzi hutauona."

Alishika kiuno. "Walisema miti italeta mvua. Nikawaambia jamani, hapa ni majimaji, si tupande kule juu palipo kavu? Wakasema ati hapa ndio picha inatoka poa."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Walikata mkuyu uliopandwa na babu za watu, wakafyeka matete yaliyotunza maji ya kijiji, ili picha itoke poa! Hasira ilinipanda hadi nikakaa juu ya kisiki.

"Sasa kwa nini hamjaing'oa?"

Nasimiyu alinitazama kama mtu aliyepotelea mjini. Kwetu mti ni mpaka. Anayepanda mti mahali ametangaza kwamba pale pana mwenyewe, na anayeung'oa mti wa mwingine ameanzisha kesi ya shamba ambayo wajukuu watairithi. Mti huondolewa na mkono ulioupanda. Wanawake wale walikuwa wameona kibao cha kampuni, wakaamini kwamba miti ni ya kampuni. Walikuwa wakiingoja kampuni ije iitoe.

"Basi twende tukaiambie," nilisema.

Mjini Bungoma tulifika jua likiwa la utosi. Ofisi ya kampuni haiko mbali na reli. Tulipokewa na kijana mpole, afisa wa mahusiano na jamii, aliyevaa koti la kazi lisilo na doa hata moja. Alitupa soda. Nilimweleza habari za mkaratusi taratibu, kama ninavyomweleza mteja, hadi kivuli na mizizi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nawaelewa, mama. Lakini idadi ya miti imeshapelekwa Nairobi."

"Na maji yamepelekwa?"

"Maji si sehemu ya mradi huu."

"Kijana wangu, mradi wa mazingira uko juu ya chemchemi, na maji si sehemu yake?"

Alifuta jasho. "Pia msisahau, kampuni haikupanda hiyo miti. Jamii ndiyo ilipanda, kwa mikono yake yenyewe. Hata Nairobi tumewaambia hivyo."

Nasimiyu aliweka chupa ya soda chini. "Hebu rudia hapo."

"Jamii ilipanda yenyewe, mama. Kwa mikono yake."

"Asante sana, baba. Mungu akubariki." Akasimama, akanivuta. Tulipofika nje aliangua kicheko hadi mpita njia akageuka. "Umesikia? Mwenyewe amesema! Mkono ni wetu!"

Kesho yake alfajiri kulikuwa na manyunyu, hali nzuri kwa kazi yetu. Wanawake walikuja na majembe na mabeseni. Niliwaonyesha jinsi ya kuchimba mbali na shina ili mche utoke na udongo wake. Kila mmoja aling'oa miti aliyoipanda mwenyewe, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Wacha huo, ni wangu mimi!"

"Wako ni ule pale, umepinda kama mwenyewe!"

Hatukutupa hata mmoja. Juu kidogo kuna shimo kubwa la murram, ule udongo wa changarawe, ambalo kampuni ilichimba kwa ajili ya tuta la reli, kisha ikaliacha wazi, kingo zake zikimeguka kila mvua ikinyesha. Tuliipanda miti pale, kuzunguka shimo lote. Mkaratusi ufanye kazi unayoiweza. Chini chemchemini tukarudisha mashina ya matete na kuchomeka vipande vya mkuyu vilivyokatwa kwa jirani. Treni ya mizigo ilipita ikielekea Malaba, ikapiga honi, na wanawake wakaipungia mikono. Hawana chuki na treni.

Safari ya kurudi Kitale, Wafula alinisikiliza hadi Kamukuywa, kisha akasema, "Basi siku wakirudi kwa ukumbi, mimi pia nitakuja. Hiyo swali ya kokoto nitaiuliza mwenyewe."

Juzi Nasimiyu alipiga simu. Afisa yule alikwenda Matulo akiwa amekasirika, akatishia kuwashtaki kwa kuharibu mali. Wakampeleka shimoni akaihesabu miti, akaikuta yote imesimama. Akapoa. Kisha akafungua gari, akatoa fulana za kijani: je, wangeweza kuvaa kidogo, wapigwe picha mpya pale chemchemini penye mikuyu mipya?

"Mkavaa?" niliuliza.

"Tulimwambia apange foleni kwanza. Tukampa dumu."

Ndugu zangu wa Kitale, treni naitaka, na siku wakirudi nitapiga makofi tena. Lakini wakituonyesha miti ukutani, tuwaulize ni miti gani, imepandwa wapi, na nani huchota maji hapo. Tusione haya kuuliza. Mtu anayekuja kutunza mazingira yako bila kukuuliza unachota wapi amekuja kutunza picha yake.

Maji ya Matulo bado ni uzi. Nasimiyu anasema dumu la yule kijana lilichukua muda mrefu sana kujaa, na kwamba alisimama pale hadi mwisho, koti lake likiwa limelowa matope.