Ugonjwa Usiotajwa Mbele ya Mkwe

Eufrazia alizaa watoto saba kule Newala, akazika watatu, akalima mihogo miaka thelathini, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hajui kusema. Hilo alikuja kuambiwa Temeke, mwaka wa 1953, alipokuja kumlea binti yake Benedicta aliyekuwa amejifungua.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabu vidoleni: shikamoo, maji, asante. Kisimani wanawake walimwita bibi ndonya kwa ajili ya kile kipande cha mpingo mdomoni mwake, wakamwiga anavyotamka, wakacheka hadi maji yakamwagika madebeni. Naye akacheka nao. Afanyeje? Maji alikuwa anayataka.

Mwezi uleule damu ikaanza kumtoka, damu ya kike, ilhali ya mwezi alikwisha kuisahau miaka sita nyuma. Hakuwa mjinga. Dada yake mkubwa ilimwanza hivyohivyo, wakamzika. Eufrazia alitaka kupona. Alikuwa na shamba, na mwanawe wa mwisho alikuwa hajaoa. Lakini Benedicta yumo ndani, arubaini haijaisha, maziwa yenyewe yanamtoka kwa shida. Utamtia hofu mzazi? Akamwambia tu kwamba hajisikii vizuri. Benedicta akamwomba mumewe ampeleke mama dispensari.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa watu wa kwao, mama mkwe na mkwewe hawali sahani moja wala hawatazamani usoni, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa mafumbo. Fransis, kuli wa bandarini, aliomba ruhusa ya asubuhi moja kwa mnyapara, akatangulia hatua kumi, mama akafuata nyuma. Alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza mama wa watu.

Fransis akabaki nje. Ndani, dresa, yule mtibu wagonjwa wa dispensari, aliyeitwa Fakihi, akauliza, "Bibi, unaumwa wapi?"

Eufrazia akajibu kwa Kimakonde, kwa sauti ndogo, kwamba anaomba kusema na mwanamke. Fakihi akamtazama kama mbuzi aliyeingia sebuleni.

"Huyu hajui kusema. Nani kaja naye?"

Benchini watu wakacheka. Fransis akaitwa ndani.

"Muulize mama yako anaumwa nini."

"Ni mkwe wangu, bwana dresa. Labda apatikane mwanamke wa kwetu."

"Nianze kukutafutia Wamakonde mie? Watu wote wale huwaoni? Mwambie mficha uchi hazai."

Maneno yale Fransis asingeweza kumtamkia mkwe hata kwa fimbo. Akampa mgongo, akasema kwa lugha yao, "Mama, anauliza unaumwa nini."

Eufrazia akautazama mgongo wa mkwewe. Kisha akasema, "Kichwa."

Akapewa vidonge sita vyeupe vilivyofungwa kwenye karatasi, akavimeza vyote.

Wiki ya tatu akaanguka uani akifua. Benedicta akatoka mbio, akaiona kanga imelowa damu. Hakungoja arubaini; alimfunga mtoto mgongoni, akamkokota mama hadi dispensari, akamweleza Fakihi yote kwa Kiswahili kilichonyooka huku akilia. Fakihi akampima mgonjwa, uso ukambadilika. Hakuwa mtu mbaya, nimpe haki yake. Alikuwa mtu aliyezoea kusikia lugha yake tu.

"Sasa mbona siku ile alificha? Muulize."

Benedicta akauliza. Eufrazia, amelala pale benchini, akajibu polepole, kwa utulivu wa mwanamke ambaye kwao hakuna shauri lililokatwa bila yeye kusikilizwa.

"Mwambie maneno nilikuwa nayo. Yeye ndiye aliyenipa mkwe wangu awe mdomo wangu."

Fakihi alikuwa anangoja, kalamu mkononi. Benedicta akamtazama mama yake, kisha akamtazama mtu ambaye barua yake ndiyo ingewafungulia mlango wa hospitali kubwa.

"Anasema anaomba radhi," akasema.

Dresa akaitikia kwa kichwa, akaanza kuandika. Eufrazia alifia hospitali siku ya nne, na yale maneno yake Benedicta hakuyarudia kwa mtu yeyote, hata kwa Fransis.