Majani ya Maboga ya Agripina

Theresia alikuja Stockholm mwaka 1968 kusomea uuguzi, akiwa ametumwa na kanisa, na nia yake ilikuwa kurudi Bukoba mara atakapomaliza. Masomo yakaisha, kazi ikapatikana kwenye wodi ya wazee, na mwaka ukazaa mwaka. Hakuwa na mume wala mtoto. Alipanga nyumba ndogo huko Fittja, katika maghorofa mapya ambayo ngazi zake zilikuwa bado zinanuka rangi, na aliridhika na maisha yake ya kimya.

Kisha dada yake mkubwa, Leokadia, akafariki na kumwacha binti wa miaka kumi na mmoja, Agripina. Baba wa mtoto alikuwa ametangulia zamani. Ukoo ukakaa, ukaamua kwamba mtoto aende kwa mama yake mdogo. Novemba 1974 Agripina akashuka kwenye ndege, amevaa sweta lililompita magoti.

Hakuwa mtundu wala mkaidi, na hilo ndilo lililomsumbua Theresia. Asubuhi aliamka akasema, "Shikamoo, mama mdogo," akatandika kitanda, akaenda shule. Jioni alikula alichopewa, viazi na soseji mara nyingi, kwa sababu Theresia alirudi kazini miguu imevimba na hakuwa na nguvu za kupika zaidi ya hapo. Ukimuuliza kitu alikujibu. Usipomuuliza, alinyamaza. Jina la Leokadia halikutajwa kabisa mle ndani. Kila mmoja alimhurumia mwenzake, akaogopa kumliza.

Majira ya baridi yalipoisha, Agripina alileta karatasi kutoka shuleni.

"Kuna klabu ya bustani kule chini, karibu na ziwa," alisema. "Kila mtoto anapewa kipande chake. Mwisho wa kiangazi kuna maonyesho ya mavuno, watoto wa sehemu nyingi wanashindana. Unaweza kutia sahihi?"

"Unataka kulima?"

"Nataka."

Ilikuwa mara ya kwanza Theresia kumsikia mtoto yule akisema anataka kitu. Akatia sahihi kabla hata ya kuvua koti.

Klabu iliongozwa na Bi Gunvor, mwalimu mstaafu aliyewahi kufundisha upishi na ushonaji. Watoto wengine walichagua karoti, figili na vitunguu. Agripina alichagua boga. Mashindano ya maboga ndiyo yaliyopendwa kuliko yote, kwa kuwa boga lilipimwa kwenye mizani mbele za watu na mwenye zito zaidi alipigiwa makofi. Mwezi wa saba mmea wa Agripina ulikuwa umetambaa hadi kwenye kipande cha jirani. Kila jioni alikwenda kuumwagilia, akarudi na matope kwenye viatu na uso uliolegea kidogo.

Siku moja Bi Gunvor alipiga simu.

"Sitaki kukutia wasiwasi," alisema. "Lakini kuna mtu anaharibu mmea wa Agripina. Anakata ncha zake na kuondoka na majani machanga. Boga halitakua hivi. Nimewauliza watoto wote, wanakana."

Theresia alimshukuru, akaweka simu chini, akaenda chumbani kwa Agripina kutafuta kama kuna kisu au mkasi. Chini ya kitanda akakuta mifuko ya plastiki. Ndani yake kulikuwa na majani ya maboga, yamefungwa mafungu mafungu kwa uzi, mengine yamenyauka na mengine yameshaoza. Akakaa sakafuni, mfuko mapajani. Namna ile ya kufunga mafungu aliijua. Leokadia alifunga hivyohivyo, fundo likiwa juu.

Agripina aliporudi akamkuta palepale. Akasimama mlangoni.

"Njoo ukae," Theresia alisema. "Sikugombezi. Uliyachuma ya nini?"

"Ya kupika."

"Sasa mbona hukuniambia tupike?"

Mtoto alitazama mikono yake. "Ulikuwa umechoka, mama mdogo. Kila siku unarudi umechoka. Nikasema kesho. Halafu yananyauka, nachuma mengine."

Theresia aliweka mfuko chini. Alimvuta akamweka kifuani, na mtoto, ambaye hakuwa amelia hata uwanja wa ndege, akalia mpaka sweta la mama yake mdogo likalowa begani. Theresia naye alilia. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Jumamosi walishuka bustanini pamoja wakachuma majani mabichi. Tatizo likawa karanga. Dukani kulikuwa na za chumvi tu, zile za kutafuna. Walimwita jirani yao Akeyo, Mkenya kutoka Kisumu aliyemfuata mume wake Sweden, awape ushauri.

"Si muoshe tu hiyo chumvi itoke," Akeyo alisema. "Lakini kwetu mboga hizi tunapika na maziwa. Karanga ni za nini?"

"Mama alitia karanga," Agripina alisema.

"Basi ni karanga," Akeyo alijibu, akakunja mikono ya blauzi.

Waliosha karanga, wakazikausha kwenye oveni, wakazifunga kwenye kitambaa na kuziponda kwa chupa. Agripina alikaa kwenye kigoda akitoa nyuzi za vikonyo moja moja. Mboga ilipoiva walikula, kisha Akeyo akaomba kijiko kingine, akakiri kwamba karanga hazikuwa wazo baya.

Maonyesho yalifanyika Agosti, kwenye uwanja karibu na Skärholmen. Kulikuwa na meza za jamu, za mikate, za aproni zilizoshonwa na wasichana na wavulana, na sungura waliochanwa manyoya kama wanakwenda harusini. Kwenye mizani boga la Agripina lilikuwa dogo kama ngumi, na watoto wawili watatu wakacheka. Alilichukua, akalitia mfukoni, akaenda kwenye meza ya upishi, alikokuwa ameweka bakuli la majani ya maboga kwa karanga, maana kulikuwa pia na shindano la chakula kilichotokana na bustani ya mtoto mwenyewe.

Mwamuzi alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani. Alionja mara moja, akafikiri, akaonja tena.

"Sijawahi kula majani ya boga," alisema. "Sisi tunayatupa. Mama yako ndiye aliyekufundisha?"

Theresia alikuwa amesimama hatua chache nyuma. Alitaka kusogea amjibie, kama alivyokuwa akimjibia shuleni, dukani na kwa daktari. Agripina akamtangulia, kwa Kiswidi kilichonyooka.

"Nina mama wawili. Mkubwa alinifundisha kutoa nyuzi. Amefariki. Mdogo alinisaidia kuosha chumvi kwenye karanga. Ni yule pale."

Mwamuzi akainua macho, akampa Theresia salamu ya kichwa. Theresia aliitikia, kisha akajifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba.

Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa mvulana aliyeoka keki ya karoti. Agripina akawa wa tatu, akapewa kopo la kumwagilia maji, la bati, lenye mdomo mrefu. Bi Gunvor alikuja kumpongeza, akamwambia kwamba mwakani angempa vipande viwili, kimoja cha kuchuma majani na kimoja cha kuacha boga likue.

Walirudi kwa treni ya chini ya ardhi, kopo likiwa katikati yao kwenye kiti. Walipopita Vårberg, Agripina akauliza, "Mama mdogo, mama alikuwaje alipokuwa mdogo kama mimi?"

"Mkorofi," Theresia alisema.

"Mama?"

"Wee. Siku moja alimfungia mwalimu wa katekisimu chooni."

Agripina alimgeukia mzima mzima. Theresia akaanza kusimulia: mwalimu alivyogonga mlango, Leokadia alivyoendelea kuimba kwaya na uso wa mtakatifu, bibi alivyomkimbiza kwa ufagio hadi kwenye migomba. Alisimulia na jingine, na jingine. Fittja ikafika, milango ikafunguliwa, ikafungwa. Hawakuiona. Walifika Norsborg, mwisho wa reli, abiria wote wakashuka, na dereva akapita akiwaangalia wawili hao waliobaki wamekaa, mmoja akicheka huku machozi yakimtiririka, mwingine akisema, "Halafu? Halafu ikawaje?"