Makomeo Matatu ya Eufrasia

Tangu Eufrasia ahamie kwenye nyumba yake mpya ya Bangwe, wezi walikuwa hawamtoki akilini. Miaka kumi na minane alianika dagaa Kibirizi huku akiishi vyumba vya kupanga, na huko hakuwahi kuwawaza. Mlango ulikuwa wa mwenye nyumba, na wasiwasi ulikuwa wake pia.

Asubuhi moja aliona mstari mwembamba wa udongo ukipanda kwenye fremu ya mlango, kwa nje. Mtu kapima mlango wangu kwa kidole chenye tope, akawaza. Akaufuta, akaongeza komeo la pili. Wiki iliyofuata mstari ukarudi, naye akaongeza la tatu. Tangu hapo mtu akibisha hodi, alikaa kimya kama hayupo. Hata Mapendo, jirani aliyepakana naye, alibisha siku tatu mfululizo akaondoka bila jibu.

Siku ya nne, mchana kweupe, Mapendo alirudi.

"Hodi, Mama Bariki. Najua umo, nasikia redio."

Eufrasia akazima redio, akabana pumzi.

"Basi nitasemea hapahapa nje. Fremu yako inaliwa na mchwa. Huo udongo ndiyo njia yao. Usiufute tu, tafuta dawa."

Mapendo akagonga tena, kwa kiganja tu. Fremu ikaachia ukuta, na mlango ukalala sebuleni miguuni pa Eufrasia, makomeo yote matatu yakiwa bado yamefungwa.