Gaone, aliyempunguza nguvu Kifaru wa Chuma

FRANCISTOWN. Saa mbili asubuhi Gaone Tshekiso ameshapigwa mara tatu, na anayempiga ni yeye mwenyewe. Mezani pake kuna simu mbili. Ya kulia ina kikosi cha Vifaru wa Chuma wanne. Ya kushoto ina mganga, mpiga upinde, mtega mitego na kifaru mmoja. Magwinya yake, maandazi ya kukaanga, yamepoa pembeni.

"Wale wanne wamechapwa tena," anasema akicheka. "Mwezi wa tano ungenikuta nalia."

Gaone, 36, ni mjaribu michezo katika kampuni ndogo inayotengeneza mchezo wa simu uitwao Vita vya Milima. Mchezaji huchagua askari wanne wa kubuni kati ya zaidi ya mia, kisha hupambana na mwenzake. Kazi ya Gaone ni kuhakikisha hakuna kikosi kimoja kinachowameza wengine wote.

Mwaka huu kikosi cha namna hiyo kilipatikana. Vifaru wanne wakipangwa pamoja walikuwa hawashikiki, na muda si mrefu kila mchezaji akaja nao. Watu wakachoka, wakaufuta mchezo. Mkurugenzi akatangaza kwamba mashindano ya Julai yakidorora, ofisi itafungwa.

"Nina mtoto shuleni, na mama ananitegemea," anasema. "Niliona kazi inaniponyoka huku naitazama."

Akaamua kifaru wa kwanza abaki na nguvu zake, lakini kila anayeongezwa awe dhaifu kuliko aliyemtangulia. Wachezaji wakamwaga matusi mtandaoni. Yaliyomuuma zaidi yalitoka nyumbani: kaka yake Mothusi, mchomeleaji wa Tonota, ndiye aliyekuwa bingwa wa mashindano yaliyopita, na vifaru wanne ndio waliompa kombe.

"Alinipigia siku hiyohiyo. 'We Gaone, nimekufundisha baiskeli mimi, leo unanivunja miguu?' Nikamwambia, 'Kaka, askari wapo zaidi ya mia. Hao wengine wamekukosea nini?' Akakata simu."

Hawakuzungumza tena. Kwenye harusi ya binamu yao, Mothusi alipokea kutoka kwake sahani ya seswaa, nyama ya kuchemsha na kupondwa, bila kumtazama usoni.

Siku ya mashindano Gaone alijibanza nyuma ya ukumbi. Pambano la kwanza, kifaru mmoja. La pili, hakuna hata mmoja. Kisha akaitwa Mothusi. Kikosi chake kilikuwa na mganga, mleta mvua, mtega mitego na kobe, askari ambaye hakuna aliyewahi kumtaka.

"Mzee wa kobe!" ukumbi ukamzomea.

"Chekeni tu," akajibu. "Mtalia baadaye."

Akafika nusu fainali, akashindwa kwa pigo moja. Fainali ikachezwa na vikosi visivyofanana hata askari mmoja, ukumbi mzima umesimama. Mothusi akamfuata Gaone, jasho likimtiririka.

"Nimepigwa, mdogo wangu. Ila zamani nilikuwa nabonyeza tu. Leo nimefikiri mpaka kichwa kinaniuma. Una chochote cha kula?"

Gaone anakiri kwamba alijifungia chooni akalia, mabega yakimshuka kama aliyetua mzigo. Ofisi haikufungwa, na mashindano mengine yatafanyika Desemba.

Sasa anapanga kufundisha wajaribu wawili wapya, "ili matusi tugawane." Na ana ndoto moja.

"Nataka siku moja nipande basi la Gaborone, nikute watu wawili wanabishana kikosi cha nani ni bora, na nikisikiliza vizuri, nishindwe kuamua."