Mchezaji wa Kuposwa

Watu wakinisikia nasema kwamba niliposwa, hucheka, nami huwaacha wacheke mpaka wachoke. Kisha huwaeleza kwamba kule Matrah, mji wa bandari jirani na Maskati, Omani, katika miaka ile kabla ya serikali kubadilika, timu yetu ya mpira wa kikapu haikumwita kijana uwanjani ikamtazama anavyoruka. Ilikwenda kumposa. Nahodha na wazee wawili walivaa kanzu safi na vilemba, wakabeba sahani ya halua, wakabisha hodi baada ya sala ya Alasiri. Wakanywa kahawa, wakauliza hali ya kila mtu wa nyumba hiyo na mbuzi wake, na mwisho wake ndipo wakasema walilojia.

Utaratibu huo aliuanzisha nahodha mwenyewe. Alikuwa mtu wa makamo, karani wa forodhani, aliyejifunza mchezo shuleni Unguja. Sote katika timu ile tulitoka Unguja au Pemba, tukaingia Maskati baada ya mapinduzi ya mwaka wa sitini na nne au baadaye kidogo, kila mtu na alichoweza kubeba. Wazee wetu walikuwa wakali kwa vijana wao, na walikuwa na haki. Serikali haikupenda mikusanyiko, na kila baba alitaka mwanawe awe dukani, mbele ya macho yake. Timu nyingine za mjini zilikuwa zikiwatorosha wachezaji kwa mlango wa nyuma. Nahodha alikataa. "Sie tumepokonywa," alikuwa akisema. "Hatwendi kumpokonya mtu mwanawe."

Kwa hivyo akaposa, na palipo na posa pana mahari. Mzee mmoja alitaka kijana wake aonekane msikitini kila Magharibi, jasho limekauka. Mama mmoja wa Qurayyat, ambaye mwanawe alikuwa akikaa Matrah kwa ami yake, alitaka kijana asilishwe vyakula vya mkebe. Nahodha alisafiri mpaka Qurayyat kwenda kumpa ahadi hiyo uso kwa uso, na tangu siku ile mchezaji yule akila samaki mbichi wa kuchoma kila baada ya mazoezi, na sisi wengine tukila kwa macho. Nimewaona watu wengi wenye vyeo tangu wakati ule. Sijamwona aliyezitunza ahadi ndogo ndogo kama mtu yule.

Uwanja wetu ulikuwa kwenye wadi kavu, bonde la mto usio na maji, nyuma ya nyumba za mwisho. Pete za vikapu alizifua mhunzi kwa chuma cha mapipa. Tulitoka majumbani na kanzu juu ya bukta, kwa sababu kupita mapaja wazi sokoni ilikuwa ni kujitafutia balaa, na tukifika tulizivua kanzu tukaziweka mawe juu zisipeperuke. Mvua ikinyesha milimani maji yalishuka wadini yakachukua nguzo moja, tukacheza upande mmoja mpaka ipatikane nyingine.

Basi ndugu yangu mdogo akarefuka. Sijui alikula nini ambacho mimi sikula. Alipotimiza miaka kumi na minane alikuwa akiinama kila mlango wa nyumba yetu, na mimi niliyemtangulia kuzaliwa nilikuwa nikimfika begani. Alikuwa akirusha mpira peke yake kule wadini na wapita njia wakisimama kumtazama. Matrah nzima ilijua kuwa timu itakuja kumwomba. Mama alishamshonea bukta.

Siku walipokuja, mimi na ndugu yangu tulikuwa nyuma ya pazia na birika la kahawa, naye anajizuia kucheka kwa furaha. Nahodha alizungumza kwa adabu zake zote. Hakutaja jina, maana mchumba hatajwi jina kama bidhaa ya sokoni.

"Mzee wetu," alisema, "tumekuja nyumbani kwako kukuomba kijana wako."

Baba alipitisha mkono kwenye ndevu. Kisha akasema, "Mmeniheshimu, nami siwarudishi mikono mitupu. Lakini mdogo hamtangulii mkubwa. Nnakupeni mkubwa." Akainua mikono, akasoma Fatiha, na wageni nao wakainua mikono, kwa sababu hakuna Mwislamu anayeiacha Fatiha hewani.

Kwa baba hapakuwa na kosa lolote. Kaka zake wote waliozeshwa kwa zamu, dada zake pia, na watu wenye adabu wakija kuomba bila ya kutaja jina maana yake wamemwachia mwenye nyumba. Kosa lilikuwa la nahodha, ambaye aliposa kikweli mno. Nilichungulia kwenye pazia nikamwona. Alimeza kahawa yake ya moto kwa mara moja, akafuta midomo, akasema, "Allah akuzidishie, mzee. Tumepokea." Mahari ya baba ilikuwa moja: mwanawe asitukanwe uwanjani.

Ndugu yangu alinirushia ile bukta kifuani. Ilinifika magotini. Mtaani nilipewa majina, na dogo kuliko yote lilikuwa Bibi Harusi.

Wala sikuwa mchezaji wa siri ambaye watu hawakumjua. Nilikuwa mbovu. Mpira ulinipita mikononi, na nikirusha, hata pete ilikuwa na amani. Nahodha alinitazama, akang'ata mdomo, akageuka upande wa mlima mpaka hasira impite. Alikuwa ameahidi kutonitukana na hakunitukana. Wenzangu walimsihi amrudie baba, aseme palitokea kutofahamiana. Aliwajibu kwamba mpewa hapokonyeki, wafunge kamba za viatu vyao.

Mimi nilikuwa na hofu moja tu, nayo ikanila usiku na mchana: kurudishwa. Sote tumewahi kumwona mwanamke aliyerudishwa kwao, namna mlango unavyofunguliwa nusu na majirani wanavyojifanya hawakuona. Sikuutaka mpira wa kikapu kabla ya siku ile. Sasa niliutaka kuliko kitu chochote, kwa sababu nilishapewa mbele za watu.

Mechi kubwa ilikuwa dhidi ya timu ya watu wa mafuta, waajiriwa wa kampuni ya petroli. Hao walikuwa na viatu vya mpira na mishahara, na uchaguzi wao ulikuwa mwepesi: msimamizi alitembea kati ya watu akanyoosha kidole. Wewe. Na wewe. Aliyenyooshewa kidole alipata kazi na jezi siku hiyo hiyo. Siku ya mechi msimamizi alimwona ndugu yangu amekaa juu ya ukuta ulio kando ya uwanja, miguu yake inafika chini, akamnyooshea kidole. Ndugu yangu alimtazama kama mtu aliyeitwa na mbwa.

"Mie sijaombwa," alisema, akabaki ukutani.

Tulifungwa vibaya. Baba alikuja kutazama kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akasimama na bakora yake chini ya jua, na nadhani aliyafahamu yote kabla ya mapumziko. Aliniona ninavyokimbia huku na huku, akamwona mdogo wangu ukutani, akawasikia watu wanavyosema.

Kesho yake alinichukua mpaka nyumbani kwa nahodha. Nilijua tunakwendea nini. Baba hakukaa hata alipowekewa mto.

"Nlikupeni kwa zamu," alisema, "na nyie mlimtaka kwa urefu. Mngeniambia. Mrudishe huyu, umchukue mwenziwe. Sina kinyongo."

Niliangalia mkeka. Ningeweza kuuchora mkeka ule mpaka leo, ukucha wa kidole changu ulipokuwa, pindo lake lilipofumuka. Nilisikia haya mpaka masikio yakawa moto, na zaidi ya haya nilisikia uchungu, kwa sababu baba alisema kweli na nahodha alikuwa na kila sababu ya kushukuru.

Nahodha alimkamata baba mkono akamkalisha kwa nguvu kidogo. "Ami yangu," alisema, "mie nlikuja kwako kuomba mchezaji, ukanipa. Tumeisomea Fatiha. Huyu ni wetu. Yule mdogo, siku yake ikifika, tutakuja kumwomba kwa siku yake."

"Watakuwahi wale wa mafuta."

"Basi watakuwa wameniwahi. Kunywa kahawa, ami."

Wenzangu walimwambia ni mkaidi, na kweli alikuwa mkaidi. Msimu mzima tulifungwa, na dawa ilikuwa karibu na mkono wake, imekaa pale ukutani. Kila jioni baada ya wenzangu kuvaa kanzu zao alinibakisha mimi. Hakunifundisha kurusha, alishakata tamaa hapo. Alinifundisha kutoa pasi. Alinifunga kitambaa machoni, akawataka vijana wawili wakimbie kwenye kokoto za wadi, na mimi nimpelekee mpira aliyekaribia kikapu kwa kusikia miguu yake tu. Nilivunja kidole kimoja cha nahodha na dirisha moja la jirani. Lakini polepole mpira ukaanza kufika. Mfupi huwa hana la kufanya kati ya warefu isipokuwa kuangalia, na mimi nilikuwa nimewaangalia watu maisha yangu yote kutoka chini.

Ndugu yangu alinuna muda mrefu. Siku moja akashuka ukutani bila ya kusema kitu akawa mmoja wa wale wawili wanaonikimbilia kwenye kokoto. Nilijua ni yeye kwa hatua zake, kwani nililala chumba kimoja naye tangu alipozaliwa, na nilimpelekea mpira mwingi kuliko mwenzake.

Kisha ukaja mwaka wa sabini, na katikati ya mwaka serikali ikabadilika. Watu walifungua redio madirishani, jamaa walianza kurudi kutoka Kuweit na Bahreni, na kila kijana aliyejua kusoma akatafutwa kwa kazi. Wale wa mafuta walimwendea ndugu yangu tena, safari hii na karatasi ya mkataba na ahadi ya nyumba. Alisema atafikiri. Mama alilia, maana alijua akisema atafikiri ana maana ya kuondoka.

Siku hiyo hiyo nahodha alipita dukani akaniambia, "Vaa kanzu yako nzuri na kilemba. Alasiri tunakwenda kuposa."

"Kwa nani?"

"Kwenu."

Nilimwambia mimi ni mtoto wa nyumba ile, nitaingiaje kwa hodi. Akasema nitaingia kama wanavyoingia wenzangu. Mmoja wa wale wazee wawili alikuwa mgonjwa, na timu haiendi pungufu.

Kwa hivyo nilibisha mlango wa nyumbani kwetu. Baba alitufungulia, akaniona nyuma ya sahani ya halua, na wala hakutabasamu. Alitukaribisha kwa salamu zote. Aliniuliza hali yangu na hali ya nyumbani kwangu, nami nikamjibu kwamba wote wazima, alhamdulillahi, na nyuma ya pazia nilimsikia mama anajiziba mdomo. Kahawa ilipokuja baba aliimimina mwenyewe. Alimpa nahodha, akampa mzee, kisha akanipa mimi kikombe kwa mkono wa kulia, kama anavyopewa mgeni. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na sijawahi kumiminiwa kahawa na baba yangu.

Nahodha alisema tulilojia, na mara hii akalitaja jina, adabu au si adabu. Baba alipitisha mkono kwenye ndevu kama kawaida yake.

"Huyu ndiye wa mwisho nliyebaki naye nyumbani," alisema. "Wale wengine wanampa mshahara. Nyie hamna kitu. Nikikupeni, huko uwanjani atakuwa mikononi mwa nani?"

Nilidhani nahodha atajibu mikononi mwake, kwa sababu hakuna mikono iliyokuwa bora Matrah nzima. Yeye aliweka kikombe chini, akanishika bega.

"Mikononi mwa huyu, mzee," alisema. "Mpira wote unapita kwake."

Baba alinitazama, si kwa haraka, kuanzia kilemba. Kisha akainua mikono akasoma Fatiha.