Fundi Vumilia na Grafu Isiyokunjika

Vumilia, mama yake Limi, ni fundi cherehani wa mtaa wa Kambarage, na mdomo wake wanaujua vizuri wateja wanaochelewa kuchukua nguo. Lakini mwaka ule aliufunga. Chuo cha uuguzi cha Geita kilikuwa kimemkataa kwa sababu ya hesabu tu, akawa anarudia mtihani wa kidato cha nne huku umri ukizidi kumtupa mkono.

Kwenye kituo cha masomo ya jioni akakutana na mwalimu Benjamini. Huyo bwana ni wa kulingana umri na kitinda mimba wa mama yake Vumilia, ila kila jioni alisimama mlangoni akisubiri kuamkiwa. Vumilia akisema shikamoo, yeye anaitika marahaba, shingo kaikaza, wala haya hana. Na ndiye aliyekuwa anaamua nani asajiliwe kwa mtihani na nani arudi kwake. Mtu wa namna hiyo ukishampa rungu, umekwisha.

Siku ya kupima ulinganifu wa grafu akamwita mbele na karatasi yake. Mlinganyo ulikuwa y = x³. Vumilia alikuwa ameuchora sawasawa, kisha akafanya kile anachofanya na kitambaa kila siku: akakunja katikati, kushoto juu ya kulia. Mistari haikulaliana. Akakunja juu kwa chini, vilevile.

"Haina ulinganifu," akasema.

"Ulinganifu upo. Fundi, hapa hatukati magauni," Benjamini akamjibu. "Kesho nakupa mlinganyo mwingine. Ukikosea, nafasi yako nampa mwenye akili."

Darasa likacheka. Vumilia alitamani kumzaba kibao.

Asubuhi, bado amefura, alitandika kitenge cha mteja mezani. Kabla ya kutia mkasi akakigeuza juu chini, kama ilivyo kawaida ya mafundi, aone kama maua yatasimama kwa kichwa. Ya kitenge hiki hayakubadilika hata kidogo. Akaweka mkasi chini. Akaitoa karatasi ya jana, safari hii hakuikunja, akaizungusha mpaka juu ikawa chini. Mstari ukarudi palepale. Alijichukia kwa kutoliona hilo mapema, akamchukia Benjamini zaidi, maana mwalimu huyo alikuwa sahihi.

Jioni akapewa y = x³ − x. Akageuza alama ya x, akageuza na ya y, akazidisha pande zote kwa hasi moja. Mlinganyo ukatoka uleule.

"Ina ulinganifu," akasema. "Unaizungusha nusu duara pale mihimili inapokutana. Kukunja hakusaidii."

Benjamini alipitia alama moja moja akitafuta kosa. Hakuliona, na uso ukamharibika.

"Utasajiliwa," akasema bila kumtazama. "Ila ukifeli, usimwambie mtu kwamba mimi ndiye niliyekufundisha."

"Hata nikifaulu sitamwambia," Vumilia akajibu.