Mifupa ya Kuku Kibugu

Krismasi iliyopita nyumbani Kibugu, mjomba alimtupia mbwa wangu mfupa wa kuku uliopikwa. Niliuokota kabla mbwa hajaufikia, mbele ya wageni wote.

"Sasa mbwa ananyimwa mfupa?" mjomba akauliza, na watu wakacheka.

"Mjomba, mfupa uliopikwa unapasuka na kumchoma tumboni," nikamjibu. "Mamake mbwa huyu tulimzika Krismasi ya mwaka jana kwa sababu hiyo hiyo. Alitapika damu hapa uani, nanyi mkaendelea kula chapati."

Kicheko kikakatika. Mama akaninong'oneza niombe msamaha, kwa kuwa mjomba ni mkubwa wangu. Namheshimu mjomba, lakini msamaha sikuomba. Nilichukua karai nikapita kwa kila mgeni kukusanya mifupa. Nilipomfikia mjomba nilisimama mbele yake hadi akaimwaga yake, huku akinung'unika kwamba mjini kumeniharibu. Yote nikaenda kuitupa katika choo cha shimo.

Mwaka huu wamenipigia simu wakinisihi nimwache mbwa mjini. Nimewaambia waandae nafasi, tunakuja wawili.